Ndugu wa Hinrichsen: jalada moja la kijani, miji mitatu

Swali: Kwenye kabati la usharika wetu hapa Moshi nimekuta vitabu vitatu vya nota, viwili vya ogani na kimoja cha piano. Majalada yao ya kijani hafifu yanafanana mno. Vyote vina maneno Edition Peters, lakini kimoja kimeandikwa Leipzig, cha pili London pamoja na jina Hinrichsen, cha tatu New York. Je, ni kampuni moja, au watu waliigana? Nimesikia habari za ndugu wa Kiyahudi waliohusika. Walikuwa akina nani? Tena nitajuaje kitabu ni cha lini, na naweza kuwatolea wanakwaya kopi?

Jibu: Mwalimu, chanzo chake ni kampuni moja. Wanazi waliipora kutoka kwa familia ya Hinrichsen, na kati ya vitabu vyako vitatu, cha London na cha New York vimetoka kwenye ofisi zilizoanzishwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Max na Walter. Ndugu yao Hans-Joachim, aliyefanya kazi pamoja nao, hakunusurika. Wala usishangae kukuta kitabu cha Leipzig Moshi: wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro tangu 1893.

Kwanza tuitazame biashara yenyewe, kwa sababu usipoijua hutaelewa ndugu hawa waliondoka na nini na waliacha nini. Ilianzishwa Leipzig mwaka 1800 na Franz Anton Hoffmeister na Ambrosius Kühnel. Mwaka 1814 ilinunuliwa na Carl Friedrich Peters, na jina lake ndilo lililobaki hadi leo, ingawa hakuwa na undugu wowote na akina Hinrichsen. Mwaka 1863 aliingia mwanasheria Myahudi kutoka Danzig, Dakta Max Abraham. Huyu ndiye aliyeleta jalada unaloliona. Sheria za Ujerumani wakati huo zilisema kazi za watunzi waliofariki kabla ya tarehe 9 Novemba 1837 zingekuwa huru kuanzia siku hiyohiyo ya mwaka 1867. Hebu fikiri ni akina nani hao: Bach, Mozart, Weber, Beethoven, Schubert. Abraham alijiandaa mapema, akakubaliana na kiwanda cha uchapaji cha C. G. Röder pale pale Leipzig, chenye mashine za kuchapa kwa kasi, na mwaka huo wa 1867 akatoa Edition Peters kwa bei ambayo mwalimu wa kijijini angeimudu. Jalada la kijani lilikuwa la kazi zilizokwisha kuwa huru. Jalada la waridi lilikuwa la kazi ambazo bado zina hakimiliki, yaani zile ambazo kampuni ilizinunua kwa mtunzi mwenyewe. Edvard Grieg wa Norwei, kwa mfano, alikuwa mtunzi wa nyumba hiyo, na alipokuwa Leipzig alifikia kwenye jengo la kampuni, Talstraße 10.

Enzi hizo ukurasa wa nota haukupangwa kwa herufi kama ukurasa wa gazeti. Fundi alichukua bamba la metali laini, akachora mistari mitano kwa kikwaruzo chenye meno matano, kisha akagonga kila kichwa cha nota, kila ufunguo na kila alama kwa nyundo na mhuri wa chuma, vyote vikiwa kinyumenyume kama picha kwenye kioo. Ukurasa mmoja ulimla saa kadhaa. Bamba likikamilika lilihifadhiwa ghalani ili litumike tena kila kitabu kilipokwisha dukani. Kwa hiyo utajiri wa mchapishaji ulikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na utajiri mzito: mabamba, shehena za karatasi zilizochapwa, jengo, maktaba. Na kulikuwa na utajiri usioshikika: hakimiliki, jina, namba za katalogi, kujuana na wenye maduka wa nchi nyingine, imani ya watunzi. Ule mzito hauvuki mpaka bila kibali cha serikali. Huu wa pili unaweza kuvuka na mtu mwenye sanduku moja. Maisha ya ndugu hawa yote yamo katika tofauti hiyo.

Abraham hakuwa na mtoto. Alimwingiza mpwa wake, Henri Hinrichsen, mzaliwa wa Hamburg wa mwaka 1868, kuwa mshirika mwaka 1894. Mwaka huohuo kampuni ilifungua maktaba ya muziki iliyo wazi kwa watu wote. Abraham alipofariki mwaka 1900 Henri akabaki na usukani. Alikuwa mchapishaji jasiri kuliko ambavyo majalada yake ya kijani yanadokeza: Simfoni ya Tano ya Mahler ilitoka kwake mwaka 1904, na Vipande Vitano vya okestra vya Schoenberg mwaka 1912, wakati wachapishaji wengi walikuwa wakimkwepa Schoenberg. Fedha zake zilirudi mjini. Alisaidia kuanzishwa kwa chuo cha wanawake cha Leipzig mwaka 1911, na mwaka 1926 alitoa marki 200,000 ili Chuo Kikuu cha Leipzig kiweze kununua mkusanyo mkubwa wa ala za kale wa Heyer kutoka Cologne. Ala hizo zipo Leipzig mpaka sasa. Mwaka 1929 chuo hicho kikamtunukia udaktari wa heshima. Yaweke akilini haya, kwani yanasaidia kueleza kwa nini hakuondoka mapema.

Watatu kati ya wanawe walilelewa ndani ya kazi: Max, aliyezaliwa 1901, Walter, 1907, na Hans-Joachim, 1909, aliyesomea sheria. Max alikuwa tayari mshirika wa baba yake kabla ya Hitler kushika madaraka mwaka 1933.

Kuanzia hapo kamba ilikazwa taratibu. Mchapishaji wa muziki hakuweza kufanya kazi bila kuwa ndani ya chombo cha serikali cha muziki, na chombo hicho kilikuwa kikiwaondoa Wayahudi hatua kwa hatua. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 ziliwavua uraia kamili. Novemba 1936 sanamu ya Mendelssohn, iliyokuwa mbele ya ukumbi wa Gewandhaus palepale Leipzig, iling'olewa usiku. Walter aliondoka mwaka huo wa 1936 kwenda Marekani, akafikia Chicago. Max aliondoka 1937 kwenda London, na mwaka uliofuata akafungua Hinrichsen Edition. Baba alibaki, na Hans-Joachim akabaki naye. Kwa maoni yangu, kuwalaumu hawa wawili kwa kuchelewa ni kuusoma mwaka 1937 kwa macho ya mwaka 1942. Henri alikuwa na karibu miaka 70, mji ulikuwa umemheshimu, na mali yake karibu yote ilikuwa ya ile aina nzito.

Namna kampuni ilivyochukuliwa ina hatua zake, na kwa nje ilionekana kama utaratibu wa kisheria. Baada ya maangamizi dhidi ya Wayahudi ya usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, biashara ilifungwa. Hans-Joachim alikamatwa, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, kisha akaachiwa. Amri ya tarehe 3 Desemba 1938 iliruhusu serikali kumlazimisha Myahudi auze biashara yake na kumwekea msimamizi asiyemtaka. Mwaka 1939 C. F. Peters ikauzwa kwa Kurt Herrmann, mfanyabiashara aliyekuwa karibu na wakubwa wa utawala, na Johannes Petschull akawekwa kuiendesha. Bei iliandikwa kwenye mkataba, lakini fedha za mauzo ya namna hiyo ziliingia kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo mwenyewe hakuweza kuigusa bila ruhusa. Juu yake kulikuwa na kodi ya kukimbia nchi, robo ya mali, na tozo maalumu ya Wayahudi iliyotangazwa baada ya Novemba 1938, ambayo ilianzia asilimia 20 na kufikia 25. Nakala iliyochapwa Leipzig kati ya 1939 na 1945 bado inasema C. F. Peters, jina halikuwa la Kiyahudi, hivyo waporaji hawakuona haja ya kulibadili. Mnunuzi dukani hakuona tofauti yoyote.

Henri na mkewe Martha walifika Brussels Januari 1940. Tarehe 10 Mei Wajerumani wakaivamia Ubelgiji. Wayahudi wengi waliotoka Ujerumani walikamatwa na Wabelgiji wenyewe, kwa kuwa kwenye makaratasi walihesabika raia wa adui, wakasafirishwa hadi makambi ya kusini mwa Ufaransa. Hans-Joachim alikuwa miongoni mwao. Alifariki Perpignan mwaka huohuo, akiwa na miaka kama 31. Martha alikuwa na kisukari; alifariki Brussels Oktoba 1941 baada ya Wayahudi kunyimwa insulini. Henri alikamatwa, akapelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na kuuawa huko tarehe 17 Septemba 1942. Alikuwa na miaka 74.

Sasa tuwarudie wawili waliobaki. Mara nyingi utasoma kwamba waliifufua kampuni. Kazi ilikuwa ngumu kuliko neno hilo.

Max alikuwa London bila mabamba, bila ghala, katikati ya vita na nchi aliyotoka. Alianza na jina la ukoo wake na kitu ambacho Waingereza walikuwa nacho tele bila kukitumia: muziki wao wenyewe wa kale wa ogani. Mfululizo wake wa vijitabu vya watunzi wa ogani wa Uingereza, kuanzia karne ya 16 hadi ya 19, uliingia kwenye makanisa mengi. Kama kitabu chako cha ogani cha London ni chembamba na kina vipande vifupi vya mkono tu, bila kanyagio, inawezekana ni cha mfululizo huo, na kinafaa sana kwa hamoniamu, kwa sababu ogani nyingi za Kiingereza za zamani hazikuwa na kanyagio kabisa. Mwaka 1944, vita havijaisha, alianza pia kutoa kitabu cha mwaka cha muziki chenye makala za wataalamu na orodha za kazi. Alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki London Desemba 1965. Mkewe, Carla, akaendeleza ofisi, na mwaka 1976 akaanzisha Hinrichsen Foundation, taasisi ya hisani inayosaidia muziki mpya.

Walter alijiunga na jeshi la Marekani. Wamarekani waliiteka Leipzig tarehe 18 Aprili 1945, na Walter akarudi kwenye mji wake akiwa amevaa sare yao. Jengo la Talstraße lilikuwa bado limesimama, ingawa mtaa wa wachapaji wa Leipzig ulikuwa umeteketezwa na mabomu ya tarehe 4 Desemba 1943. Alikuja kudai mali ya baba yake, lakini muda ulikuwa mfupi mno. Kwa makubaliano ya mataifa washindi, Leipzig ilikuwa ndani ya eneo la Warusi, na mwanzoni mwa Julai 1945 Wamarekani waliondoka. Walter alitumikia Berlin kama afisa wa muziki wa utawala wa Kimarekani. Baadaye serikali ya mashariki iliigeuza kampuni ya Leipzig kuwa mali ya umma, VEB Edition Peters. Familia ikaporwa mara ya pili.

Mwaka 1948 akaanzisha C. F. Peters Corporation New York. Kulikuwa pia na Frankfurt, iliyofunguliwa 1950 kwa ajili ya Ujerumani ya magharibi. Aliyeiongoza ni Petschull, yuleyule aliyewekwa kwenye kiti cha baba yao mwaka 1939, na Max na Walter wakiwa washirika. Watu huona jambo hili gumu kulimeza, na ni gumu kweli. Lakini bila ofisi ndani ya Ujerumani ya magharibi wasingeweza kukusanya mrabaha wa kazi zao huko, na VEB ya Leipzig ingebaki peke yake sokoni ikiwa na jina la Peters. Naamini walipima hasara mbili wakachagua iliyoacha hakimiliki mikononi mwa familia.

Walter naye hakutosheka na kurudia katalogi ya zamani. Mwaka 1960 John Cage, mtunzi wa Kimarekani ambaye wachapishaji walimwona kituko, alimpigia simu bila kutarajia mengi, na Walter akachukua kazi zake zote. Mwaka 1962 New York ikatoa katalogi nzima ya Cage. Kazi yake ya ukimya, 4′33″, ambamo mpigaji hapigi nota hata moja, ina namba Edition Peters 6777, katika orodha ileile ya namba iliyoanzishwa na Abraham kwa ajili ya Bach. Morton Feldman, Alan Hovhaness na George Crumb nao waliingia nyumba hiyo. Baba alimpokea Schoenberg mwaka 1912, mwana akampokea Cage: nadhani hapa ndipo urithi wao unapoonekana vizuri zaidi, kuliko kwenye jengo au mabamba. Walter alifariki New York Julai 1969, na mkewe, Evelyn, akaongoza kampuni baada yake.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka, familia ilirudishiwa jengo la Talstraße. Mwaka 2010 ofisi za London, New York na Frankfurt ziliunganishwa, mwaka 2014 Frankfurt ikahamia Leipzig, na mwaka 2023 kundi zima likanunuliwa na Wise Music Group.

Nije kwenye vitabu vyako. Kosa la kawaida ni kusoma jina la mji tu na kuamua: Leipzig, basi ni cha kabla ya vita. Si kweli, kwa kuwa Leipzig iliendelea kuchapa muda wote wa Ujerumani Mashariki. Tafuta herufi VEB au DDR (yaani Ujerumani Mashariki), au neno Lizenz (kibali) lenye namba, kwa maandishi madogo mwanzoni au mwishoni mwa kitabu. Ukiona mojawapo, kitabu ni cha kati ya miaka ya mwisho ya 1940 na 1990.

Kosa la pili ni kuchanganya namba mbili. Namba ya jaladani, kwa mfano Edition Peters 240, ambayo ni juzuu la kwanza la kazi za ogani za Bach, ni namba ya katalogi. Inaweza kubaki ileile kwa zaidi ya miaka 100, hata kama ndani mhariri amebadilishwa. Namba iliyo chini katikati ya kila ukurasa wa nota ni namba ya bamba. Hii inakuambia bamba lilichorwa lini, na haikuambii karatasi uliyoshika ilichapwa lini. Ofisi za London na New York zilipiga picha kurasa za zamani na kuzichapa upya, kwa hiyo unaweza kuwa na kitabu cha New York cha miaka ya 1960 chenye kurasa za fundi wa Leipzig wa karne ya 19. Linganisha namba za bamba za vitabu vyako: zikilingana, ni kurasa zilezile.

Anwani ndiyo saa nzuri kuliko zote. Kitabu cha New York chenye 373 Park Avenue South na namba 10016 nyuma yake hakiwezi kuwa cha kabla ya Julai 1963, kwani namba hizo za posta zilianza mwezi huo. Cha London chenye 10–12 Baches Street kikifuatiwa na N1 6DN ni cha baadaye kuliko chenye N.1 peke yake. Ukipata cha Frankfurt, Kennedyallee 101, tazama namba ya posta: tarakimu tano, 60596, maana yake ni baada ya Julai 1993.

Kuhusu kopi, jalada la kijani si ruhusa. Sheria za Tanzania na Kenya zimekuwa zikimlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ujerumani ni miaka 70. Bach yuko huru, Grieg (alifariki 1907) yuko huru. Mtunzi Mjerumani Richard Strauss alifariki 1949: ulinzi wake kwa hesabu ya 50 uliisha mwisho wa 1999, kwa hesabu ya 70 mwisho wa 2019. Cage alifariki 1992, basi hata kwa hesabu ya 50 utasubiri mpaka mwisho wa 2042. Lakini usiishie kwa mtunzi. Soma jina la mhariri kwenye ukurasa wa kichwa, maana kazi yake nayo, kama vidole alivyoweka, mpangilio na utangulizi, inaweza kuwa na ulinzi wake. Bach wa ogani aliyehaririwa na Griepenkerl (alifariki 1849) na Roitzsch (1889) hana kizuizi, hata kama kitabu kimechapwa mwaka 1970. Sonata za Beethoven zilizohaririwa na Claudio Arrau ni jambo jingine: Beethoven alifariki 1827, Arrau 1991. Hizo nunua, au tafuta chapa ya zamani yenye mhariri aliyefariki kitambo.

Na kabla hujaweka kitabu kwenye mashine ya kopi, kichunguze kimeshonwa vipi. Vya zamani vya Leipzig vingi vimefungwa kwa pini za waya zilizoota kutu. Ukivibana viwe bapa karatasi hukatika pale penye kutu na kurasa za katikati hutoka zote kwa pamoja. Piga picha kwa simu kitabu kikiwa wazi nusu, kurasa za kulia kwanza zote, kisha za kushoto, na usiache ukurasa wa kichwa: huko ndiko kuna anwani, mhariri na mstari wa hakimiliki.